Shukrani kwa Mama Aliyenisomea Habari za Mchungaji Blumhardt

Kwa heshima kubwa namshukuru mama mmoja mzee wa Bad Boll, kusini mwa Ujerumani, ambaye aliondoka bila kunitajia jina lake baada ya kuketi nami karibu na makaburi na kunifasiria, mstari kwa mstari, taarifa ya Mchungaji Johann Christoph Blumhardt, maana Kijerumani changu kisingenifikisha mbali.

Ni kwa msaada wake nilielewa kwamba Mlutheri huyo, mzaliwa wa Stuttgart wa mwaka 1805, hakutafuta sifa kwa kutoa pepo. Alipoanza kumshughulikia Gottliebin Dittus, binti maskini wa kijiji cha Möttlingen aliyeaminika kupagawa na pepo, mwaka 1842, hakutegemea hirizi wala maonyesho, bali alikwenda na mashahidi, akafunga na kuomba, hadi usiku ule wa Desemba 1843 uliposikika ukelele wa "Yesu ni mshindi" kutoka kinywani mwa Katharina, dada yake Gottliebin. Mama alipofika hapo aliweka kidole juu ya maneno hayo, akayasoma tena polepole.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba Gottliebin hakuachwa baada ya kupona: alipokewa nyumbani kwa mchungaji, akasaidia kulea watoto, na mwaka 1852 akahamia nao Bad Boll, ambako Blumhardt aliwahudumia wagonjwa na waliolemewa hadi alipofariki mwaka 1880. (Wahubiri wetu wanaotoa pepo majukwaani wangefaa kulijua hilo.)

Mama, popote maneno haya yatakapokukuta, pokea asante yangu ya dhati, na Mungu akuzidishie siku.