Malalamiko: mmekata miti ya kompaundi yetu Upanga na hati zetu bado mmezikalia

Kwa Meneja wa Mauzo, nakala kwa Mkurugenzi

Habari za kazi. Naandika kama mmiliki wa apatimenti ya ghorofa ya tatu, upande wa barabarani, kwenye jengo mlilojenga na kutuuzia hapa Upanga, Dar es Salaam. Nimeshapiga simu ofisini kwenu, nimetuma meseji WhatsApp zimepata tiki za bluu halafu kimya, kwa hiyo sasa naweka kwa maandishi na naomba na nyie mnijibu kwa maandishi.

Jambo lenyewe ni miti. Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, watu wa mkandarasi wenu walikuja na misumeno ya mashine wakaangusha miarobaini yote ya ndani ya ukuta na ule mkungu mkubwa wa nje ya geti. Hakuna mwenye apatimenti hata mmoja aliyeambiwa, sio kwa barua, sio kwa tangazo pale kwenye lifti, wala mlinzi hakuwa na habari mpaka alivyoona fuso inaingia. Nilivyoshuka chini mwarobaini wa katikati ulikuwa umeshalala, kisiki chake kibichi kabisa kinatoa maji, mti ambao mtu mzima akiukumbatia vidole havikutani upande wa pili, na pembeni kijana mmoja ameshika tepu anapiga mistari ya chokaa juu ya udongo. Nikamuuliza mistari ya nini, akasema "paking dada". Saa hizi pale pote ni pevin, vile vitofali vya kupanga chini, namba zimepakwa rangi ya njano, na magari yanayopaki sio yetu, ni ya watu wa ofisi za jirani ambao wanawalipa nyie kwa mwezi. Mlinzi ana daftari lao getini, nimeliona.

Naomba mnielewe kwa nini nimeumia hivi. Kwa hela niliyowapa ningepata nyumba nzima na uwanja wake huko pembeni ya mji, Goba au Madale, na chenji ingebaki. Niliuza kiwanja changu cha Kigamboni, mama akaongezea kwenye mafao yake ya kustaafu ualimu, kwa sababu mkopo wa nyumba benki riba ilikuwa asilimia 15 mpaka 19 na kwa mshahara wangu hesabu ilikuwa haikai kabisa. Tulichagua Upanga kwa sababu ya mama, Muhimbili ni karibu kwa kliniki yake, na kwa sababu ya mtaa wenyewe ulivyo. Upanga sio mtaa wa jana. Zile flati za ghorofa tatu nne zilijengwa miaka ya 1950 na 60, nyingi zikataifishwa mwaka 1971 zikawa chini ya Msajili wa Majumba, halafu 1990 zikahamia NHC, yaani Shirika la Nyumba la Taifa, na muda wote huo watu walikuwa wanapanda na kutunza miti, ndio maana leo ukikatiza zile barabara za ndani kuelekea Diamond Jubilee mchana wa Februari unatembea kivulini wakati Kariakoo, ambako unaweza kwenda kwa miguu, jua linakuchoma utosi. Miti ile hamkuipanda nyie, mliikuta, kama mlivyoikuta ile nyumba ya zamani mliyoibomoa mkajenga ghorofa.

Na mlijua thamani yake. Brosha yenu ninayo hapa, ukurasa wa kwanza kabisa ni picha ya ile miarobaini na jengo linachungulia nyuma yake, na maneno yenu wenyewe yanasema makazi tulivu kwenye mtaa wa miti na bustani ya pamoja kwa wakazi. Afisa mauzo wenu siku anatutembeza hakutuanzia na vigae wala makabati ya jikoni, alituanzia chini ya miti, akamvutia mama kiti akamwambia mama hapa utakuwa unapumzikia jioni. Na kweli mama akawa anapumzikia pale. Watoto wa ghorofa ya kwanza walikuwa wanaokota kungu wanazipasua kwa jiwe wanakula kile kiini cha ndani, na fundi viatu ambaye nimeambiwa alikuwepo kabla hata hamjanunua kiwanja alikuwa na benchi lake chini ya ule mkungu. Leo fundi hayupo, hamkumkatia mti tu, mmemkatia na riziki.

Ndani ya nyumba nako hali imebadilika. Madirisha yangu yanatazama magharibi, mwarobaini ndio ulikuwa pazia langu la mchana, sasa kuanzia saa nane jua linaingia mpaka kwenye sofa, kiyoyozi ambacho nilikuwa nawasha usiku tu sasa kinaanza mchana na yuniti za umeme wa LUKU zinakwisha mbio. Na hapo hata Desemba haijafika. Chini udongo mliuziba wote na pevin bila mtaro wa maana, mvua iliyopiga wiki iliyopita maji yakakosa pa kwenda yakaingia kwenye shimo la lifti, lifti ikazimwa siku mbili, mama mwenye magoti mabovu akakaa ndani siku mbili. Masika ikija je?

Sasa nije kwenye majibu niliyopewa kwa mdomo maana kila mtu ofisini kwenu ana lake.

Wa kwanza aliniambia miti ilikuwa hatari, matawi yangeangukia magari na mizizi inapasua ukuta. Ukuta nimeuzunguka wote, hauna ufa hata mmoja. Matawi yanapunguzwa, kila mwaka kabla ya mvua watu wanapogoa miti mji mzima huu na mti unabaki. Kama kuna mtaalamu aliupima akasema hautibiki, leteni ripoti yake tuisome. Mwingine akasema mapato ya paking yatashusha sevisi chaji, haya, ankara ya mwezi huu imekuja na haijashuka hata shilingi.

Lakini lililonikera kuliko yote ni la yule bwana wa sheria, kwamba eneo la nje bado ni mali ya kampuni mpaka hati za wamiliki zitoke, kwa hiyo mna haki ya kulitumia mnavyotaka. Naomba hapa mnisome taratibu. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo ndio imeweka utaratibu wa mtu kuwa na hati ya apatimenti yake pamoja na fungu lake kwenye maeneo ya pamoja, yaani ngazi, paa, uwanja na vyote, na wamiliki kuwa na chama chao cha kuyasimamia. Mkataba wangu na nyie unasema hivyo hivyo, kipengele cha maeneo ya pamoja kimeitaja bustani kwa jina. Hela nimemaliza kulipa zamani, risiti zote ninazo, kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU yangu kila mwezi, sevisi chaji nalipa. Kinachokosekana ni hati, na hati inakosekana kwa sababu nyie ndio hamjakamilisha kusajili mchoro wa jengo kule ardhi, kila nikiuliza naambiwa iko kwenye mchakato. Bila hati chama chetu hakiwezi kusimama vizuri, na bila chama hakuna wa kuwazuia mkiamua kukata miti mkakodisha uwanja. Yaani kuchelewa kwenu wenyewe ndio mmekugeuza kuwa haki yenu. Hilo silikubali, na majirani zangu ambao tumekaa nao kikao hawalikubali pia.

Halafu ule mkungu ulikuwa nje ya ukuta, kwenye hifadhi ya barabara. Pale sio pa kampuni na sio petu sisi, ni pa umma, huwezi tu kuamka ukaangusha mti wa pale bila kibali. Kama mna kibali cha jiji au cha TARURA, wale wakala wa barabara za mijini na vijijini, tuonyesheni, ni karatasi moja tu, pigeni picha mtume.

Ninachotaka ni hiki. Magari ya nje yatoke kwenye kompaundi na ile biashara ya paking isimame, na hela mlizokwishakusanya ziingie kwenye akaunti ya matunzo ya jengo tuzione kwenye hesabu. Pevin ing'olewe upande wote ule uliokuwa bustani, udongo urudishwe, na ipandwe miarobaini mingine, sio vile vimiche vya kwenye kikopo vya kupigia picha, nataka miti iliyokwishapanda juu ya kichwa cha mtu, vitalu vya kando ya barabara mjini hapa vinauza, na mkataba wa kuimwagilia muulipie nyie mpaka ishike. Nje ya geti upandwe mkungu mwingine kwa kibali cha jiji na fundi viatu aambiwe anaweza kurudi. Mtaro wa maji uchimbwe kabla ya masika. Na hati, mtupe barua yenye tarehe, inayosema mchoro umefika hatua gani na nani anaushughulikia, sio "mchakato" tena.

Najua miarobaini mipya haitanipa kivuli kile mwaka huu wala mwaka kesho, mama yangu ana miaka 71, kwa hiyo naomba pia mkae chini mfikirie fidia kwa wamiliki wa upande wa magharibi, hata kwa kusamehe sevisi chaji kwa kipindi, tuko tayari kuongea tukikaa mezani.

Nawapa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi tutapeleka suala la mti wa barabarani jiji, suala la brosha Tume ya Ushindani kwa sababu sheria ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mteja kwenye matangazo, na la hati na maeneo ya pamoja wakili wetu atatuelekeza kama ni Baraza la Ardhi au Mahakama Kuu. Nimeambatanisha nakala ya brosha, kurasa za mkataba zinazohusika, risiti ya malipo ya mwisho na picha za kabla na baada.

Jumamosi hii asubuhi wamiliki tutakuwepo wote pale chini. Tumeni mtu mwenye mamlaka ya kuamua, sio afisa mauzo.

Ni mimi,
Mmiliki, ghorofa ya tatu upande wa barabarani
Upanga, Dar es Salaam