Idi Mubarak kutoka Kibokoni

Idi Mubarak, jamaa na marafiki. Mungu atutakabalie saumu zetu, hata zile tulizozitia dosari kwa usingizi na ulimi. Naandika nikiwa ukumbini, leso yangu yanuka mafuta ya kaimati, takbira za Msikiti wa Mandhry zingali masikioni. Watoto washapokea mkono wa Idi na kukimbilia pembea za Makadara. Watarudi mikono mitupu, hilo nalijua tangu sasa.

Kila Idi, kabla hajaonja tambi, mamangu hujaza sahani moja, akaifunika kawa, akasema, "Peleka." Hutaja mwanamke fulani wa mtaani ambaye Idi imemkuta peke yake. Wengi hudhani ni ada ya wazee wetu. Sivyo. Ilianza mwaka 1991, na aliyeianza hakuwa mtu wa Mombasa.

Iraq ilipoivamia Kuwait, Agosti 1990, babangu alikuwa huko kikazi. Barua zikakatika, pesa zikakatika. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa watu wa kutoa pole. Wiki ya sita hakuna aliyebisha hodi. Siwalaumu, kila mtu ana yake. Mamangu akawa anashona kofia za vito za kuuza, usiku, mpaka macho yakamtoka machozi, na ukimuuliza atakwambia ni moshi wa taa.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka Mogadishu. Barawa, mji wa pwani ya Somalia, ikaporwa, na watu wake wakapanda vyombo wakateremka kwetu. Wengine waliwekwa kambi ya Utange, wengine walipokewa majumbani. Chumba cha nyuma cha jirani yetu akaingia mwanamke wa Barawa na watoto wawili. Mumewe hajulikani alipo. Alisema Chimwini, Kiswahili cha kwao Barawa, tunachokiita huku Chimbalazi: nusu twaelewa, nusu twakisia.

Usiku mmoja wa Ramadhani alisimama mlangoni, akamtazama mamangu akishona, kisha akaingia, akaichukua ile kofia mkononi mwake, akafumua mstari mzima na kuushona upya. Bila hodi, bila samahani. Mamangu aliudhika vibaya sana. Asubuhi akaiangalia ile kofia kwenye mwanga, akaona kwamba mgeni alikuwa na haki.

Tangu hapo walishona pamoja, mmoja duara la juu, mwenziwe ukuta wake. Kila mmoja alikuwa na uzi wenye fundo, kipimo cha kichwa cha mumewe, na hawakuutumia kwa kofia ya kuuza. Mamangu alimwita shoga, neno tamu la wanawake wetu kabla vijana hawajalichafua. Nilidhani watakuwa wakizungumza habari za vita. Wapi! Walibishana kuhusu unga wa mofa.

Nyanya ndiye aliyetukataza kumuuliza yule mama habari za mumewe. Alikuwa ameyaona. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini na askari wa Afrika Mashariki, nyambizi ya Kijapani ikaizamisha karibu na Maldives, wakafa watu karibu 1,300. Nyanya alisema mwanamke asiye na habari hakai eda wala hajipambi. Si mke, si mjane. Ukimuuliza kila siku, kila siku wamzika mtu wake upya.

Idi ya mwaka ule, katikati ya Aprili, hakuna aliyevaa jipya nyumbani kwetu. Asubuhi yule mama alikuja kuazima sahani. Mamangu akampa, akidhani hana chombo cha kulia. Baada ya swala sahani ikarudi imejaa mkate wa mofa, moto, na yeye mwenyewe nyuma yake na wanawe. "Kula," akasema. Basi.

Babangu alirudi miezi mitatu baadaye, amekonda kama ufito. Mamangu aliona haya kufurahi. Alifunga madirisha ya upande wa jirani. Lakini vigelegele vya kwanza vilitoka huko huko, kwenye chumba cha nyuma. Na kila jioni mamangu aliendelea kuvuka ua na kibuyu chake cha sindano, hata babangu akalalamika kwamba amerudi akaikuta nyumba ina wenyewe.

Miaka kadhaa baadaye shoga yake akapelekwa Uingereza na wanawe. Mumewe hakupatikana. Ule uzi wenye fundo aliufunga ndani ya pindo la leso, akaenda nao.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya Sudan. Vita vyao vilianza Aprili 2023, Ramadhani ikiwa katika kumi la mwisho, na mpaka leo wako wanawake wanaoamka Idi wasijue wamngoje nani. Mwenyezi Mungu awape wa kuketi naye. Na kwa mtaa wetu, nanyi mlio mbali na kwenu, kheri nyingi.

Nakatiza hapa, simu ya mamangu inalia. Ni Leicester. Hawa wawili siku hizi hawasikii vizuri, kwa hivyo mtaa wote unasikia. Salamu hazijesha, yule mama ameshauliza kama anavyouliza kila mwaka: "Sahani imekwenda kwa nani?"