Risiti isiwe kinga ya kuuza gari bovu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie suala la magari mabovu wanayouziwa wananchi, hasa haya ya mitumba yanayopangwa kwenye yadi za hapa Tanga. Mtu analipa, anaondoka, na kabla hajafika Segera giaboksi imegoma. Akirudi yadi anaonyeshwa maandishi chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Maandishi hayo yanatisha watu kuliko yanavyostahili. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza mfanyabiashara matumizi anayokusudia na kutegemea ujuzi wake. Nayo Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na sidhani risiti inaweza kuhalalisha kilomita zilizorudishwa nyuma. Ni kweli, kasoro ambayo mnunuzi angeiona alipolikagua gari ni mzigo wake. Lakini wangapi wetu tunajua kukagua giaboksi?

Nashauri Halmashauri ya Jiji iweke sharti kwenye leseni za yadi: kila gari liuzwe pamoja na fomu ya ukaguzi iliyosainiwa na fundi, ikionyesha hali ya injini, giaboksi na breki. Tume ya Ushindani nayo itangaze redioni namna ya kupeleka malalamiko. Na fundi huyo, tafadhali, asiwe mwajiriwa wa yadi.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga