Barua kwa mwanangu: siku yako ya mapumziko ni ipi?

Arusha, Jumatano, Juni 24

Mwanangu,

Mkataba wako nimeusoma mara tatu, jana usiku na leo alfajiri kabla sijawasha jiko. Kurasa sita. Wameandika aina ya laptopu watakayokupa, wameandika usitoe siri za kampuni hata ukishaondoka, bima ya afya wameiandika. Siku yako ya mapumziko hawakuiandika. Kuhusu saa za kazi ipo sentensi moja tu, kwamba utafanya kazi kulingana na mahitaji ya kampuni. Mahitaji ya kampuni changa hayaishi. Jumapili unapanda basi la Namanga, kwa hiyo una kesho, Ijumaa na Jumamosi kuwauliza kwa maandishi: siku yangu ya mapumziko ni ipi?

Usiniambie kwamba siku hizi watu hawaulizi mambo hayo. Wanauliza, na wanaulizia kabla ya kutia saini, kwa sababu baada ya saini swali hilohilo linaitwa malalamiko.

Nimefurahi, na unajua nimefurahi. Mhasibu wa kwanza wa kampuni ya watu 14, Nairobi, kwa umri wako! Shangazi zako wote wameshaambiwa, hata wa Moshi asiyepokea simu. Lakini mhasibu wa kwanza maana yake hakuna wa pili. Ukiugua, mishahara ya watu 14 inaugua na wewe. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo, si kwenye teknolojia.

Sheria ya huko si ya kwetu, usiende na ya kwetu kichwani. Hapa Tanzania kawaida ni saa 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, na saa za ziada haziruhusiwi kupita 50 katika wiki nne. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na saa 52 kwa wiki zimo kwenye kanuni zao za mishahara. Likizo ni siku 21 za kazi baada ya miezi 12. Usione wamekupunja ukilinganisha na 28 zetu, maana 28 zetu zinahesabu mpaka Jumapili. Kama ofisi yao inafanya kazi siku tano, zile 21 ni wiki nne na siku moja. Muda wa majaribio usizidi miezi sita, na hawawezi kuuongeza bila wewe kukubali.

Sasa chukua kikokotoo. Mshahara waliokuandikia ni shilingi 150,000 za Kenya. Saa 52 kwa wiki, zidisha kwa wiki 52, gawanya kwa 12: unapata kama saa 225 kwa mwezi. Saa moja yako inauzwa shilingi 666. Ukikaa mpaka saa nne usiku kila siku na Jumamosi ukaenda, utafika saa 75 kwa wiki, yaani 325 kwa mwezi. Saa ileile sasa ni shilingi 461. Hakuna aliyekupunguzia mshahara, umeupunguza mwenyewe kwa karibu theluthi moja, na hati ya malipo haitaonyesha. Ukiwa wewe ndiye unayeandaa orodha ya mishahara, andika saa zako kila siku kwenye daftari lako binafsi. Wiki nne zinatosha kuona ukweli.

Watasema kuna hisa. Soma vizuri ile barua ya pili, ya hisa, uliyoiona kama zawadi. Miaka minne, mwaka wa kwanza hupati kitu: ukiondoka mwezi wa 11 unaondoka mikono mitupu, ukifika mwezi wa 12 unapata robo, halafu kila mwezi sehemu moja ya 48. Na hizo ni haki ya kununua, bado hujazimiliki. Ukiacha kazi, kampuni nyingi zinakupa siku 90 kulipia bei iliyoandikwa, la sivyo zinapotea. Waulize wao wanatoa siku ngapi. Halafu kila wakikaribisha wawekezaji wapya wanatoa hisa mpya, na fungu lako linapungua. Asilimia 0.1 ikipita awamu tatu zinazochukua asilimia 20 kila moja, inabaki 0.0512. Na wawekezaji kwa kawaida wanalipwa kwanza kampuni ikiuzwa. Wakiwa wameweka dola milioni 5 kwa sharti hilo, na kampuni ikauzwa milioni 4, fungu lako halina kitu hata kama hukulala miaka minne. Sisemi uzikatae. Nasema usizilipie kwa Jumapili zako.

Na kampuni hizi zinakufa, hata kubwa. Sendy ilifunga shughuli zake mwaka 2023, na mwaka uliofuata Copia ikawekwa chini ya wasimamizi, zote za hapohapo Nairobi, zote zilishakusanya mamilioni ya dola. Wewe utakuwa unaliona salio la benki kabla ya wenzako. Kila Ijumaa mchana gawanya fedha iliyopo kwa matumizi halisi ya mwezi. Dola 600,000 kwa matumizi ya 50,000 ni miezi 12. Ikifika sita, waanzilishi wataanza kuhangaikia wawekezaji, na hapo ndipo wafanyakazi huambiwa wakaze mpaka mwisho wa robo hii ya mwaka. Robo ikiisha inaitwa nyingine. Jua hesabu hiyo ili uelewe presha inatoka wapi, usidhani wewe ndiye mvivu.

Umeshawaandikia? Siku ya mapumziko. Sentensi moja tu inatosha.

Sasa kazi yenyewe, maana nakujua, utakubali kila kitu halafu ulie bafuni. Usiku mrefu wa mhasibu unatengenezwa mapema, katikati ya mwezi, na unaweza kuzuiwa hukohuko. PAYE, NSSF na bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 vinatakiwa kufika kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata kuisha, tozo ya nyumba asilimia 1.5 ndani ya siku tisa za kazi baada ya mwezi kuisha, VAT tarehe 20. Wengi wanangoja tarehe 8 usiku, mfumo wao wa kodi wa mtandaoni, iTax, unakuwa mzito kwa sababu nchi nzima imengoja, na wanakesha. Wewe weka tarehe yako ni 5. Orodha ya mishahara iwe tayari tarehe 23, bosi aidhinishe 25, watu walipwe 28. Mabadiliko yoyote yakija baada ya 23, mtu kupandishwa mshahara au kukopa, yanaingia mwezi unaofuata. Litangaze hilo wiki ya kwanza wakati bado wewe ni mgeni na wanakusikiliza. Tarehe 9 Julai ni Alhamisi, utakuwa na siku kumi na moja tu tangu ufike, kwa hiyo ukiripoti tu uliza nani alilipa ya Juni na nywila za mfumo ziko kwa nani.

Risiti ndizo zinazoua. Tangu Januari 2024 manunuzi yasiyo na ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya mamlaka yao ya kodi, kwa kawaida hayakubaliki kupunguza kodi ya kampuni. Wafanyabiashara wadogo wengi hawaitoi mpaka waombwe, na ukiomba mwezi ukishaisha wanakuzungusha. Weka kanuni: hakuna kurudishiwa fedha bila ankara, na ankara inakuja ndani ya siku mbili za manunuzi. Watanuna mwezi wa kwanza. Wakishanuna wakazoea, hutakuwa unawapigia wafanyabiashara 40 simu tarehe 30 saa mbili usiku.

Usuluhishi wa benki na M-Pesa, yaani kulinganisha vitabu vyako na taarifa zao, ufanye kila asubuhi, nusu saa, kabla hujafungua barua pepe. Wateja huandika namba ya akaunti vibaya wanapolipa, na malipo yanaelea. Usiyakimbize siku hiyohiyo, yaweke kwenye akaunti ya muda na uyashughulikie kesho yake kwa pamoja. Ukiacha mpaka mwisho wa mwezi yatakuwa mia tatu. Na tofauti ikikataa kupotea, igawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda kuna tarakimu zimepinduliwa, umeandika 63 badala ya 36. Haigawanyiki kwa 9 lakini inagawanyika kwa 2, tafuta nusu yake, huenda imeingizwa upande usio wake. Makosa haya mawili huongezeka usiku. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya makosa kama mtu aliyekunywa, walishalipima hilo Australia zamani. Unayafanya saa tano usiku, unayatafuta kesho mpaka saa tano usiku nyingine.

Malipo ya usiku usiyafanye kabisa, na hili nakuomba kama mama na kama mhasibu. Baada ya saa kumi na moja jioni hakuna fedha inayotoka mpaka asubuhi, hata mwanzilishi mwenyewe akiandika WhatsApp kwamba mzigo umekwama bandarini. Wezi wanaiga jina lake na picha yake, na wanachagua saa umechoka na ofisi tupu. Mwenye bidhaa akisema amebadilisha benki, mpigie kwa namba ya zamani uliyonayo, si ile iliyo kwenye ujumbe. Kila malipo yaidhinishwe na watu wawili. Kanuni hii inailinda kampuni na inakulindia usingizi kwa pamoja, kwa hiyo ipeleke kwao kama ulinzi wa fedha, watakukubalia haraka kuliko ukisema umechoka.

Ulipokuja likizo ulinionyesha video ya yule kijana anayejisifu kwamba analala saa nne tu kwa siku. Kule China walikuwa na utaratibu wao wa saa tatu asubuhi mpaka saa tatu usiku, siku sita, saa 72 kwa wiki. Matajiri wakausifu kama baraka. Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya Watu ikatangaza kwamba ni kinyume cha sheria. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao: mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na magonjwa ya moyo yanayohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40, hatari ya kiharusi inapanda kwa asilimia 35. Babu yako alikuwa na presha. Presha ya baba yako unaijua. Nunua kipimo cha mkononi, pima mara moja kwa wiki asubuhi ukiwa umekaa, andika namba.

Na lile neno la kwamba usingizi ni ndugu wa umaskini, ulilisikia humu ndani ya nyumba hii, hukulisikia Nairobi. Hukuokota mtaani tabia ya kula umesimama huku unajumlisha. Najua. Kuna mambo mtoto hufundishwa bila mtu kuyasema, na mengine yalisemwa, tena kwa sauti. Wewe yaache hapa. Sidhani utanisikia, ulikuwa hunisikii hata nikikwambia uvae viatu, lakini nimeandika.

Wakikuambia sisi hapa ni familia, wajibu kwa adabu na uendelee kuuliza siku ya mapumziko. Wakisema Jumapili, vizuri, utakwenda kanisani. Wakisema siku yoyote kazi ikiruhusu, basi hawajakupa siku. Omba waandike jina la siku. Wakikataa kuiandika, nipigie kabla hujatia saini, usinipigie baada.

Begi la kijani nimeliweka mlangoni. Nairobi Julai ni baridi kuliko unavyodhani, kwa hiyo blanketi la bibi liko chini kabisa, usilitoe useme litajaza. Maharage kilo tano, unga ununue hukohuko. Kibali cha kazi bado kinatakiwa hata kwa sisi wa Afrika Mashariki, hakikisha wao ndio wanaoshughulikia na wakupe nakala ya maombi. Mdogo wako ada ya muhula imebaki laki mbili, usitume kitu miezi mitatu ya kwanza, nimekwambia na baba yako amekubali. Weka akiba ya kodi na chakula ya miezi mitatu kwanza, ndiyo itakayokupa mdomo wa kusema hapana. Fundi wa tenki hajarudi, maji bado tunateka kwa jirani. Yule kuku mweusi ametotoa, kumi na moja, wawili wamekufa.

Jumapili baba yako ndiye atakayekusindikiza stendi, muwepo saa kumi na mbili asubuhi, msichelewe. Mimi nitakuwa ofisini. Itakuwa tarehe 28, hesabu za mwaka zinafungwa 30, na hakuna mwingine wa kuzifunga. Chapati zitakuwa kwenye hotipoti ya bluu, nitazipika Jumamosi usiku. Hotipoti nirudishie.

Mama yako