Kabla hawajabomoa mabanda

Rafiki yangu,

Salamu kwako na kwa wote hapo. Najua, mwaka mzima kimya. Nilaumu ukimaliza kusoma.

Baba Mkubwa ameshaamua: mabanda yote matatu yanabomolewa mwezi ujao, mbao ziuzwe. Eti yamekaa tu. Nikamwomba anipe muda niyapige picha, na kazi hiyo ya picha sasa ina wiki mbili. Nashinda juu ya ngazi na tochi, popo wameshanizoea.

Unakumbuka tulivyoambiwa ghala kubwa ndilo la kwanza, lilijengwa na babu yake Babu kabla hata ya nyumba? Basi sikiliza. Ile boriti kuu tuliyofungia bembea, uliporuka ukavunjika mkono (uliruka mwenyewe, tusianze tena), ina matundu ya viungo matupu. Saba! Hayana ulimi ndani, ile ncha ya mbao inayochomekwa kwenye tundu, wala nguzo chini yake. Nani atashika patasi achimbe matundu saba ya bure? Boriti ile ilitoka kwenye jengo jingine.

Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Mbao za ukutani zina mikwaruzo ya upinde, maana yake zilipasuliwa kwa msumeno wa duara, na misumari yake ni ile ya waya iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19. Ingawa misumari nayo siiamini sana, ukuta hukarabatiwa. Lakini nguzo na boriti ni kazi ya shoka na tezo tupu. Na kila kiungo kimechanjwa namba za Kirumi, ulimi na tundu lake namba moja, ili fundi akachonge chini kisha asimamishe bila kubahatisha. Nne wameiandika IIII. Ni akili hiyo: IV ukiipindua kichwa chini unaweza kuisoma VI, ukachomeka kisichoingia.

Sasa namba zenyewe zinaruka. Baada ya V inakuja VIII. VII nimeikuta banda la mbuzi, imefanywa kizingiti, nami nimepita chini yake maisha yangu yote. VI sijaiona.

Nyuma ya kisima kuna ule mstari wa mawe tuliokuwa tukiuita reli. Nimeufyeka. Ni msingi, una nafasi mbili za milango zinazotazamana, upepo upite katikati watu wakipura na kupepeta. Ghala la kwanza lilikuwa pale! Hili letu limejengwa kwa mifupa yake. Nilipomwambia Baba Mkubwa akasema mbao ni mbao.

Nguzo moja bado ina gome. Pete ya mwisho ya ukuaji chini ya gome ndiyo mwaka mti ulipokatwa, na wanaopima huchukua kijiti chembamba kama penseli tu, nguzo haiharibiki. Yule mwenzetu wa maabara bado mnaongea? Anaweza kuja kabla ya mwezi kwisha? Au nimtumie picha kwanza? Na wewe, mkono bado unauma kukiwa na baridi?

Halafu, kile kipande cha boriti mzee wako alichochukua kwetu mwaka ule ukuta ulipoanguka, si ndicho mlichofanyia benchi la barazani? Bado mnalo? Hebu lipindue uangalie chini, unijibu leo leo.

Mimi wako wa darini