Usinunue Mota Kwanza

Mikocheni, Dar es Salaam

Rafiki yangu mpendwa,

Natumaini hujambo pamoja na wote nyumbani. Sisi huku ni wazima, na mvua za masika zimeanza kupungua. Uliniambia juzi kwenye simu kwamba mlango wa gereji yako unavuma bila kupanda, na kwamba fundi ameshakutajia bei ya mota mpya. Nakuomba usimpe hata shilingi ya kianzio kabla hujaimaliza barua hii, kwa sababu maradhi hayohayo yalinipata mwezi uliopita, na nusura nigharamie dawa isiyo yake.

Asubuhi hiyo gari lilikuwa ndani, watoto wamekwisha kuvaa sare, nami nikabonyeza rimoti. Mota iliyo juu darini ikanguruma kwa sauti nzito, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, mnyororo ukakazana kidogo, kisha kimya. Watoto wakapanda bajaji, mimi nikabaki na bisibisi. Fundi wa kwanza niliyemwita hakupanda hata ngazi. Alisikiliza mngurumo akiwa chini, akatamka kwamba mota imekufa, akanitajia bei ambayo ingelipa ada ya muhula mzima.

Mota inayonguruma bila kuzunguka mara nyingi huwa na kapasita iliyochoka, yaani kile kifaa kidogo kinachotunza umeme, kwa kuwa hicho ndicho huipa nguvu ya kuanzia. Nilizima umeme kwenye swichi kuu, nikafungua kifuniko, nikaikuta imevimba utosini kama kopo la maziwa yaliyoharibika. Tahadhari: kapasita hutunza umeme hata baada ya swichi kuzimwa, ndiyo maana kabla ya kuigusa niliunganisha vichwa vyake na nyaya za balbu ya zamani ya wati 60 ili umeme uliobaki uishie humo. Nikaipeleka kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, nikapata nyingine ya maikrofaradi 20 na volti 450 kama ile ya mwanzo. Mota ikazunguka vizuri kabisa. Mlango ukapanda kiasi cha shubiri mbili, ukasita, ukarudi chini.

Hapo nikatambua kwamba kapasita haikufa kifo chake, bali iliuawa na mzigo. Mota ya gereji haikuundwa kubeba mlango. Wa kuubeba ni zile springi nene zilizovikwa kwenye bomba juu ya mlango, na mota husukuma tu kitu ambacho kimekwisha kufanywa chepesi. Nikavuta ile kamba nyekundu inayotenganisha mlango na mota, nikajaribu kuuinua kwa mikono. Haukutikisika. Mlango wenye springi nzima mtu mmoja huuinua bila kuhema, na akiuachia katikati hubaki palepale. Lakini jaribio hilo ulifanye mlango ukiwa umefungwa tu, kwani ukiwa juu na springi imekatika, ukivuta kamba utakuporomokea.

Nilipomulika kwa tochi nyuma ya rafu ambayo mke wangu huweka makopo ya rangi, niliona springi ya kushoto imekatika vipande viwili, na baina yake pengo la vidole vitatu. Mahali ilipokatikia palikuwa na kutu ya muda mrefu, jambo lisiloshangaza kwetu tunaoishi na chumvi ya bahari hewani. Springi za kawaida hukadiriwa kudumu kiasi cha kufungua na kufunga mara 10,000. Ukiufungua na kuufunga mlango mara tatu kwa siku, hiyo ni takriban miaka tisa, na zangu zilifungwa mwaka 2009. Kwa hesabu hiyo zilikuwa zinaishi kwa hisani.

Kazi ya springi sikuigusa, nawe usiiguse, maana nguvu iliyojikunja mle huvunja mkono. Nilichofanya ni kupima ile iliyokatika: mizunguko 20 iliyobanana ilitoa milimita 120, maana yake waya una unene wa milimita sita. Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, alikuja na springi mbili, kwa sababu ile ya kulia ilikuwa na umri uleule, pamoja na nondo mbili alizozichonga zikaenea sawasawa kwenye matundu ya kukazia. Aliubana mlango kwenye reli, akasimama pembeni mwa springi badala ya mbele yake, akawa anakaza robo mzunguko baada ya robo mzunguko huku akihesabu kwa sauti. Alipofika thelathini kwa springi ya kwanza, alishuka akanywa maji, ndipo akapanda tena. Baadaye alinikemea kwa grisi niliyoipaka kwenye reli miaka yote, ambayo ilikuwa imegeuka tope la mchanga; tuliifuta, tukatia oili nyepesi kwenye rola na bawaba tu.

Basi jaribu kuuinua kwa mkono, umulike springi, na utazame waya wa chuma unaouvuta mlango juu, pale chini karibu na sakafu, ambako maji husimama na nyuzi huanza kukatika moja moja. Jumamosi baada ya adhuhuri nitapita na mita yangu, na mzee amekubali kuja iwapo utamtumia vipimo mapema. Gari ulilaze nje kuanzia Ijumaa.

Ndimi rafiki yako wa siku zote.