Wahandisi wapya, acheni kwanza jina la Eiffel

Wanangu mliomaliza uhandisi ujenzi,

Naona Mnara wa Eiffel umejaa kwenye kurasa zenu, na maneno ya chini ni yaleyale: siku moja nami nitajenga kitu kiitwe kwa jina langu. Si vibaya kutamani. Ila jueni kwamba wazo lile halikuanza na Gustave Eiffel. Mwaka 1884 lilitoka kwa wahandisi wawili wa kampuni yake, Maurice Koechlin na Émile Nouguier, naye mwanzoni hakulichangamkia. Msanifu Stephen Sauvestre alipoongeza yale matao ya chini ndipo bosi akakubali, akanunua haki za wenzake juu ya wazo hilo. Leo Koechlin nani anamjua?

Kwa hiyo tazameni kazi. Vipande vya chuma zaidi ya 18,000 vilitengenezwa karakana ya Levallois-Perret, jirani na Paris, matundu ya ribiti (misumari minene ya kuunganishia vyuma) yakipimwa hadi sehemu ya kumi ya milimita. Kipande kikifika Champ de Mars, uwanja uliojengwa mnara, kikakataa kukaa, hakuna kuchukua keekee ukapanua tundu palepale, kinarudi karakana. Kule juu mafundi walikuwa wanne wanne: mmoja anapasha ribiti moto, wa pili anaishikilia, wa tatu anaitengeneza kichwa, wa nne anagonga kwa nyundo nzito. Walianza Januari 1887, na Machi 1889 mita 300 zilikuwa zimesimama.

Huku kwetu nimesikia mno “tutarekebisha hukohuko saiti”. Nondo imekatwa fupi, anaitwa fundi wa kuchomelea, na mhandisi aliyesaini mchoro simu yake haipatikani!

Na jina kubwa si kinga. Mwaka 1893 Eiffel alihukumiwa miaka miwili jela kwa kashfa ya Mfereji wa Panama, hukumu ikatenguliwa baadaye. Akahamia kwenye utafiti wa upepo. Mnara wenyewe ulikuwa na kibali cha miaka 20 tu. Ulinusurika kubomolewa kwa sababu jeshi lilikuwa limeona faida yake kwa mawasiliano ya redio, majaribio ambayo Eiffel alijitolea kuyagharamia.

Mkiripoti kazini, kaeni na wakata nondo, mpime nao kabla zege halijamwagwa. Na mchoro ukiwa wa kijana aliye chini yako, jina lake liandikwe kwenye karatasi ile, kando ya lako.

Mzee wenu,
mhandisi mstaafu, Tanga